Uzito wa Ndiyo Moja

Saa nne za usiku, ghorofa ya tatu, Bishkek.
Dirisha limelowa kwa joto la mabomba
na mimi nazipanga nchi
kama mama alivyopanga vijiti vya kuwashia moto,
kirefu chini, kifupi juu.

Safu ya kwanza: watoto wanaofikisha miaka mitano.
Ya pili: wanawake wanaojua kusoma.
Ya tatu, choo. Ya nne, usiku:
je, waweza kutembea peke yako?
Ya tano ni maji.
Kila safu naitoa wastani wake,
naigawa kwa mchepuko wake,
hadi choo na kitabu na woga wa gizani
vizungumze lugha moja isiyo na kipimo.
Norwei, Ekwado, Laosi, sisi:
nukta kwenye karatasi,
kila nukta na watu wake ndani
kama komamanga lisilopasuliwa.

Talgarbek kapita na kipande cha keki.
"Tumepanda ngazi mbili. Waziri atacheka kesho."
Tumepandishwa na nini?
"Maji."

Nikarudi kwenye maji.
Nikashuka kutoka nchi hadi mkoa,
kutoka mkoa hadi eneo la sampuli, namba 317,
Naryn, kaya ishirini na mbili, zote ndiyo.
Sikutakiwa kujua. Majina hufutwa.
Lakini nani asiyeijua nyumba yao hata ikivuliwa jina?
Mjane, miaka sitini na minane, ng'ombe mmoja,
mtoto mmoja, yuko mjini,
"anafanya kazi ya hesabu."

Swali la arobaini na moja:
Unapata maji safi ndani ya dakika thelathini?
Ndiyo.

Ndiyo, mama?

Mdadisi alikuja Juni. Juni bomba linaimba.
Alikuwa kijana, viatu vya mjini vimejaa tope,
na wewe ulikwisha kumwekea mkate, siagi,
chai ya maziwa yenye chumvi.
Utamwambiaje mgeni aliyekwisha kunywa
kwamba nyumba hii haina maji?
Hukumtajia Januari,
bomba limeshikwa na barafu hadi shingoni,
shoka, mto, ndoo mbili, mtelezo,
na ule mkono uliovunjika
ukaniambia kwenye simu ni baridi tu, itapita.

Nyumba njema si mlango,
na dodoso hubisha hodi mlangoni.

Pembeni kabisa mwa jedwali kuna safu ya uzani.
Wako: 4,112.
Maana yake, ukijibu wewe
wamejibu watu elfu nne mia moja kumi na wawili.
Mama, wewe ambaye hujawahi kumsemea hata jirani,
umeusemea mji mzima,
na mji mzima, kwa adabu, ukasema ndiyo.

Moja ni ndiyo, mbili ni hapana.
Kidole kilikuwa juu ya mbili.
Nani angejua?
Lakini kesho angekaa hapa mwingine, mwenye mama mwingine,
au mwenye waziri,
naye angebonyeza.

Nimeiacha moja.
Chini ya jedwali, kwa herufi za chungu,
nimeweka tanbihi: Swali la maji liliulizwa Juni.
Talgarbek kaisoma, kafuta makombo kidevuni.
"Tanbihi? Nani husoma tanbihi?"

Asubuhi theluji imefika dirishani.
Nimekupigia. Imeita hadi ikakatika.
Nimepiga tena, tena,
jicho kwenye saa ya ukutani, mazoea ya kazi:
dakika thelathini na nane.
Kisha umepokea, unahema,
nikasikia chuma cha ndoo kikigusa sakafu.

"Nilikuwa hapa hapa," umesema.
"Hapa hapa tu."